Saa ya Pembe Nne kwa Mkono wa Mti

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo ya pili mpelekee mama, na umwambie asilie akisoma, maana hii ni barua ya furaha, na karatasi nimeinunua kwa fedha yangu, sikuirarua kwenye daftari la mtu. Mimi mzima. Nakula, nalala, na kile kikohozi nilikiacha huko huko kwenye vumbi la mbao zako. Karakana inasemaje? Yule paka anayelala kwenye maranda mpe salamu, ingawa mimi na yeye hatukuwahi kuelewana.

Sasa tuingie ndani. Mjomba, kaa chini. Kama ulikuwa umekaa, simama kwanza, halafu ukae tena vizuri. Mpwa wako amepata kazi. Niko kwenye saa.

Duka lenyewe liko kwenye kona ya barabara kubwa, ni vioo vitupu toka chini mpaka juu, vitatu mbele na viwili ubavuni, na nyuma ya vioo saa zimelala juu ya vitambaa vyeusi kama watoto wa mfalme. Kila asubuhi, kabla hajafika mteja, kabla hata ya yule muuzaji mwenye tai, mtu wa kwanza kuzitazama ni mimi. Nazijua moja moja. Kuna za duara, kuna zenye umbo la yai, na kuna za pembe nne. Hizi za pembe nne, mjomba, ndizo zenye heshima zao. Wanaozinunua hawaulizi bei, wanauliza kama ipo nyingine.

Nakumbuka tulivyopatana siku naondoka: miezi sita ikipita sina kazi yenye kichwa na miguu, narudi kusukuma randa na sifungui mdomo. Basi hiyo randa ipake mafuta uifunge kwenye gunia. Ipumzike.

Na kama kuna mtu atakuja kuwaambia ameniona huku na ndoo na ngazi, msibabaike. Ni mambo ya kazi. Saa haziuziki nyuma ya kioo kichafu.

Mpwa wako mwenye mafanikio,
Bwana Saa


27 Februari

Domo,

Marahaba. Mama yako amesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu aliisoma kwa sauti mbele ya majirani, kwa hiyo sasa mtaa mzima una Bwana Saa na mimi sina pa kujificha. Mguu wake umepona. Paka amezaa ndani ya sanduku la misumari. Siku hizi nikitaka msumari naomba ruhusa.

Nina kazi ya shule ile ya kule chini, madawati arobaini. Mbao nilizoletewa zina mafundo kama uso wa mtu mwenye deni, lakini zitanyooka.

Maneno yako nimeyapima. Sikuyaamini yote, maana wewe nakujua tangu ulipodondoka kutoka juu ya paa la jirani ukasema ulikuwa unashuka haraka. Ila mama yako ana furaha, nami sitaki kuigusa furaha hiyo.

Kwa kuwa uko kwenye saa, nina kazi kwako. Nataka saa ya mkononi. Iwe ya pembe nne kwelikweli, siyo yai lililokaliwa. Iwe na sura ya zile za wakubwa, za mtindo wa zamani, lakini isipige kelele. Pembe zake zisiwe kali za kuchana shati, wala zisiwe zimelika kama sabuni ya juzi. Fedha iko kwenye bahasha. Ni ya kabati la mtu aliyelipa bila kugombana, kwa hiyo ni fedha yenye baraka, usiitie mikosi.

Kipimo nimekutumia ndani ya kifurushi. Sikutaka kukuandikia inchi, kwa sababu wewe na inchi mligombana zamani. Nimechonga mkono wenyewe, toka kwenye kiganja kupanda juu kidogo. Uvalishe saa. Itakavyokaa kwenye mti ndivyo itakavyokaa kwenye nyama.

Iwe imefika kabla shule hazijafungwa mwezi wa sita. Usiniulize ni ya nani wala ya nini. Ukichagua vizuri nitaamini kila ulichoandika, na habari ya randa tutaizika. Ukichagua ovyo nitajua kwamba wewe hauko kwenye saa, bali saa ziko mdomoni mwako, na basi la kurudi unalijua linaposimama.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na mama pia, na pole kwa kufukuzwa kwenye misumari yako mwenyewe.

Mkono umefika. Yule wa posta aliushika akaniuliza kama ni mguu wa kiti. Nikamwambia ni mkono wa mjomba wangu. Akanipa haraka sana, hata sahihi hakutaka.

Sasa nitakuuliza jambo na usinipige: unakula? Mkono wako mimi naukumbuka, maana umetua kisogoni kwangu mara nyingi kuliko kofia. Ulikuwa kama mpini wa shoka. Huu uliotuma nimeuzungushia vidole vyangu, vikakutana na kupitana. Kama unaumwa, niambie, mama asijue, tubaki wanaume. Saa nzuri ya ghafla, mkono umekonda, halafu "usiniulize ya nini." Mjomba, nimewahi kusikia habari za watu wanaojiandaa hivyo. Nilishindwa kula siku nzima. (Jioni nilikula.)

Dukani tuko kwenye kuhesabu mali, kwa hiyo kutoa saa kabatini si rahisi wiki hizi. Lakini kwa macho nimeshachagua. Za pembe nne zinazofikika kwa fedha yako ziko tatu.

Ya kwanza ni rangi ya dhahabu mpaka kwenye mkanda, ukubwa wake kama kiberiti, na vijiwe vinametameta pande zote. Jua la asubuhi likiipiga nalazimika kufumba jicho moja. Ya pili ni ya chuma cheupe, uso mweupe, mkanda wa ngozi ya kahawia. Haina namba. Ina vijiti na misalaba vimepangwa ukingoni, na mishale yake ni ya buluu. Imekaa kimya kama mgeni aliyefika mapema. Ya tatu ni nyeusi, uso mweusi, mishale myeusi. Ukitaka kujua saa kwa hiyo unamuuliza aliye jirani yako.

Ushauri wa mtaalamu: chukua ya kwanza. Mtu aliyekonda anahitaji uzito.

Mpwa wako mwenye wasiwasi,
Bwana Saa


9 Aprili

Domo,

Siumwi. Jana nimepandisha mbao sita begani, na vijana wawili walionifuata nyuma walikuwa wanapumua kama mvukuto. Kipimo ni kipimo, usikibishie.

Mama yako mzima. Alinikuta najaribu shati jipya, akacheka mpaka akakaa chini, na akakataa kusema kinachomchekesha. Kazi ya shule inakwenda. Leo nimepeleka dawati la kumi na tisa.

Barua yako nimeisoma kwa jicho la fundi. Umeniambia rangi na umeniambia jua. Uzito hukuniambia. Mgongo wa saa umefungwa kwa skrubu au umebanwa tu, hukuniambia. Mkanda una matundu mangapi, kimya. Na saa ilikaaje kwenye mkono niliokuchongea, ambayo ndiyo kazi yenyewe niliyokutuma, hakuna hata neno. Umeeleza nyuso tupu, kama mtu anayechungulia dirishani. Muuza kabati asiyejua mgongo wa kabati lake, mimi humpita bila kumsalimu.

Nijibu hayo manne. Na hiyo ya dhahabu iache ilale.

Mjomba wako


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii isome peke yako kwanza, halafu umsomee mama ukiruka mistari.

Siuzi saa. Naosha vioo. Maduka kumi na moja ya barabara ile ni yangu kwa kuosha, na duka la saa ni la nne. Yote niliyoandika ni kweli ukiyasoma polepole: mimi ndiye wa kwanza kuzitazama, na kweli nazijua moja moja, ila nazitazama nikiwa juu ya ngazi, tambara begani, maji ya sabuni yananiteremkia kwapani. Uliposema "kama mtu anayechungulia dirishani" niligeuka nione umesimama wapi. Kuhesabu mali nilitunga. Saa hata moja nilikuwa sijawahi kuigusa.

Ulipouliza yale manne nikajua nimebanwa. Kwanza nikajaribu njia ya mkato. Kuna jamaa anauza saa mtaani ndani ya mwavuli uliopinduliwa, kila saa ina jina kubwa usoni. Nikachukua ya pembe nne nikauvalisha mkono.

"Kaka, hiyo ndiyo yenyewe," akasema. "Nakuapia."

Nikamwangalia anavyoapa. Jicho halipepesi, mdomo unateleza kama umepakwa mafuta. Nikajiuliza, huyu jamaa nimemwona wapi? Mjomba, nilimwona kwenye kioo. Nikamrudishia saa yake. Mkanda ukabaki mkononi mwangu, nikamrudishia na mkanda.

Kesho yake mchana nikaoga, nikavaa shati la kutokea, nikaingia dukani na mkono wako kwapani. Yule muuzaji, mimi namwita Tai kwa sababu hana kingine, akanidaka mlangoni.

"Wewe wa vioo, umesahau ndoo?"

"Nimekuja kununua saa."

"Ya nani?"

"Ya huyu," nikamwonyesha mkono.

Akaita watu waje wacheke, bahati mbaya hapakuwa na watu. Alikuwepo mwenye duka peke yake, bibi mmoja wa makamo ya kuheshimiwa, miwani yake ina mnyororo, alikuwa nyuma ya meza anafungua saa ya mtu. Hakuinua hata kichwa.

"Mteja ni mteja," akasema. "Lete huo mkono."

Akaupokea, akaugeuza, akaupitishia kidole gumba taratibu.

"Nani kachonga?"

"Mjomba wangu, seremala. Ni kipimo cha mkono wake. Nadhani anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kukonda."

Akavua miwani. "Kijana, umeuona mfupa huu wa pembeni alivyouchonga? Umeona hapa ndani, penye mishipa, alivyopapiga msasa? Hakuna mwanamume anayejipiga msasa hivi. Huu ni mkono wa mwanamke."

"Na anaujua vizuri," akadakia Tai.

"Hajaushika," bibi akasema. "Angeushika angekosea mahali. Huu umetazamwa tu, tena kwa muda mrefu."

Mimi mdomo wazi, ungeweza kunitilia maji ukanifanya ndoo ya pili. Mwezi na zaidi nakulilia wewe, kumbe nililie nafsi yangu!

Basi tukavalisha. Ile ya dhahabu, ushauri wa mtaalamu, ikakaa kama sinia juu ya kijiti. Bibi akaniambia saa ya duara ina huruma, inamfaa karibu kila mtu, lakini ya pembe nne haisamehi: pembe zikivuka ukingo wa mkono inaonekana imeazimwa. Ile nyeusi ikakaa vizuri lakini ikaufanya mkono uonekane umekasirika. Ya chuma tulipoifunga bizimu, ikatulia. Hata Tai akasogea kuitazama.

Nikauliza kama ndiyo ile yenyewe ya wakubwa. Bibi akasema umbo ni lile la zamani, ila saa ni nyingine. Imefuata mtindo tu, jina la mtu haikuiba, ina la kwake dogo pale chini, na ndani imeundwa na watu wenye aibu.

"Haya, isome," akasema. "Inasema saa ngapi?"

Nikatazama vile vijiti na misalaba. "Inasema saa ya chakula."

"Hujui kuisoma."

"Najua, ila siyo kwa maandishi haya."

Kumbe ni namba za Kirumi. Amenifundisha zote, na ile ya tisa nilibisha mpaka akachoka.

Majibu yako manne: uzito ni kama vijiko viwili vya chai. Mgongo una skrubu nne, moja kila pembe. Mkanda una matundu saba, imefunga la nne. Na kwenye mkono imekaa, mjomba, kama ilizaliwa pale. Naituma pamoja na barua hii. Mkono bibi ameuomba siku chache auweke dirishani, nimemwachia.

Sasa nakugeukia wewe. Madawati arobaini, mtu mwenye mkokoteni wake anayapeleka moja moja? Na shati jipya? Mjomba! Mwalimu mkuu?

Mimi nimekiri. Randa naijua ilipo. Lakini na wewe una lako.

Muosha Vioo


15 Mei

Domo,

Saa imefika salama. Kuhusu uongo wako nilikasirika siku mbili, ya tatu nikawa na kazi nyingi. Mama yako nilimsomea nikiruka mistari kama ulivyosema. Akasema, "Sasa soma hiyo uliyoruka." Hakushangaa. Anasema tangu lini wewe ukawa na kazi isiyo na maji. Utoto wako wote ulikuwa unachezea maji.

Mkono urudi. Kesho, siyo kesho kutwa. Haukuchongwa utazamwe na barabara nzima.

Ni kweli, mwalimu mkuu. Miaka tisa tangu mkazamjomba wako atutoke sijamtazama mtu, na wala huyu sikukusudia. Nilipeleka dawati la kwanza kama sampuli. Nililiwekea mteremko wa kuandikia, mzuri, nikajisifu. Mwalimu akavua saa yake ya duara akaiweka juu yake ili akunje mikono ya gauni ajaribu kukaa. Ile saa ikabingirika mteremko wote, ikaruka, ikafa hapo hapo sakafuni. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Mimi nikasimama na kipimo changu mkononi kama mwizi.

Hakunifokea. Akaiokota, akaitia mfukoni, akasema, "Fundi, ingekuwa ya pembe nne ingekaa." Tangu siku hiyo kengele anapiga kwa kukisia, na watoto wanatoka wanapotaka.

Ndiyo maana ya saa. Na ndiyo maana ya moja moja, maana dawati moja ni safari moja. Yeye husimama anaegemeza mkono juu ya dawati analikagua, nami nakagua mkono. Miaka thelathini ya ufundi, jicho langu halihitaji kushika.

Saa nimeibeba mfukoni siku nane. Nimeipeleka shuleni mara nne na kurudi nayo mara nne. Nikifika mlangoni nasema habari za mbao. Madawati yamebaki matatu.

Uchaguzi wako wa saa, sina neno. Lakini kuosha vioo siyo kazi yenye kichwa na miguu, na miezi sita inakwisha Julai. Hukumu bado.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mkono nimeutuma, bibi ameuaga kwa huzuni.

Kwa hiyo mtu mzima, mwenye mvi na misumeno mitano, anazungumza habari za mbao! Na huyu ndiye anayenitisha mimi na randa! Nimecheka mpaka nikashuka kwenye ngazi kwa usalama wangu. Nitakupa somo bure, maana wewe umenipa mengi kwa kofi. Siku ya kwanza nilipanda ngazi nikang'ang'ania kioo kama mjusi. Mzee aliyenifundisha akasema, "Shika mpira wa kukaushia kioo, vuta maji mara moja toka juu mpaka chini, usisimame katikati. Ukisimama katikati unaacha mstari." Basi na wewe usisimame katikati. Toa saa, sema neno, maliza. Ukianza na mbao umeshaacha mstari.

Na kazi yangu ina kichwa na miguu. Kichwa kiko juu ya ngazi, miguu iko kwenye ngazi. Unataka nini tena?

Msalimie mama. Mwambie namba za Kirumi sasa nazijua, anitajie yoyote.

Muosha Vioo


21 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu na anakutajia kumi na tisa.

Nimempa. Siku ya kufunga shule, dawati la arobaini, watoto wameshaondoka. Nilianza na mbao. Nikakumbuka mstari wako, nikanyamaza, nikatoa saa nikaiweka juu ya dawati, kwenye mteremko. Ikateleza kidogo, ikasimama.

Akaitazama. "Fundi," akasema, "nilidhani utasubiri niagize madawati mengine."

"Nilitaka kuhakikisha vipimo."

"Na vipimo vikoje?"

"Jaribu mwenyewe."

Akavaa. Tundu la nne. Akageuza mkono hivi na hivi, akaniuliza nani kaichagua, maana kwa shati lile nililovaa anaona aliyechagua si mimi. Halafu akasema nije kwao na dada yangu, tuongee na kaka zake kama watu wazima. Tumeshakwenda. Mambo ni mazuri. Kuandika zaidi ya hapo naona haya.

Sasa kuna jambo, na kwa hili mimi ndiye wa kuchekwa. Alipouliza nani kaichagua, nikamjibu ni mpwa wangu, anauza saa kwenye duka kubwa. Nilikuwa nimeshamwambia tangu mwezi wa pili, niliposoma barua yako ya kwanza nikavimba. Ulipokiri sikurudi kumsahihishia. Na siku ile, saa iko mkononi mwake, nikarudia, tena nikaongeza: nikasema wewe ndiye unayetegemewa pale.

Tarehe kumi na mbili Julai ana mkutano wa walimu huko uliko, na mimi namsindikiza. Anataka aje dukani akushukuru ukiwa kazini. Saa nne asubuhi.

Mpwa wangu, nakuomba. Siku moja tu. Muombe huyo bibi, azima tai, simama ndani, sema "karibuni." Huyu ni mtu wa kunyoosha watu, akijua nimemdanganya na bado hatujafunga ndoa, sijui atanipimaje. Ukinifanyia hili, randa sitaitaja tena maisha yangu yote, osha vioo mpaka uzeeke.

Mjomba wako


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na pongezi, na mkazamjomba mtarajiwa shikamoo yake iko hapa, umpelekee mwenyewe. Mama mwambie kumi na tisa ni msalaba, kijiti, msalaba. Namba rahisi.

Nimesoma ombi lako juu ya ngazi nikakaa kwenye kidato cha tatu. Mjomba wangu! Yule aliyenirudisha dukani umbali wote ule kwa sababu ya msumari mmoja niliosema sikuuchukua! Sikukucheka. Nilikucheka kidogo.

Nilimwendea bibi. Hakukataa. Akamwambia Tai avue, na Tai akavua kama anavuliwa ngozi. Nikafunga, nikasimama nyuma ya meza kufanya jaribio, saa nne hiyo hiyo mtakayofika nyinyi. Mjomba, nilipendeza. Nakwambia kwa uchungu. Akaingia mteja halisi akaniuliza saa ya pembe nne inayofaa mkono mnene, nikamweleza habari ya pembe kuvuka ukingo, akaitikia kwa kichwa. Nikasema ndiyo maisha haya.

Halafu jua likapanda juu ya jengo la ng'ambo likapiga vioo. Nilikuwa sijawahi kuviona toka ndani. Kioo cha katikati, ninachokiosha kila siku ya Mungu na kujisifu, kina michirizi toka juu mpaka usawa wa kifua. Mitatu. Mteja anazungumza, mimi naitazama. Nikajaribu kutazama saa, macho yanarudi. Mwishowe nikamwambia, "Samahani kidogo," nikatoka na tai ya watu, nikapanda ngazi, nikaiondoa ile michirizi. Niliporudi ndani tai imelowa, mteja kacheka, na amenunua kwa Tai.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Siyo kwamba nimekuwa malaika, wewe unanijua. Ila siwezi kusimama mle ndani nikauza saa wakati naona kazi yangu mwenyewe imekaa vibaya. Nitachanganyikiwa mbele ya mwalimu na tutaumbuka wote wawili. Kama hukumu ni randa, basi iwe randa, nitarudi nisukume na mdomo nitaufunga siku mbili tatu.

Mwambie ukweli ndani ya basi. Safari ni ndefu, na hawezi kushuka. Mwambie kwamba aliyeichagua saa yake anaosha vioo, na wewe ulivimba. Ukishindwa, nitamwambia mimi kutoka juu ya ngazi, na sauti yangu unaijua, duka la kumi na moja litasikia.

Siku hiyo nimepanga hivi. Vya pembeni nitavimaliza mapema. Kile cha katikati nitakiosha nusu, upande wa kushoto, na wa kulia nitauacha na vumbi lake na alama za vidole vya watu, mpaka nyinyi wawili mfike msimame pale chini. Halafu nitavuta maji mara moja, toka juu mpaka chini, yeye akiangalia. Akiona mstari hata mmoja, anirudishe shule.

Muosha Vioo